Magunia saba ya alizeti na chanzo kilichouzwa

Juni 2018 shangazi yangu alipakia magunia saba ya alizeti kwenye Kenta la jirani yake, akatoka kijijini alfajiri kuja Dodoma mjini kukamua. Kijiji sitakitaja, wala halmashauri yake. Waliohusika wengi bado wanakutana kanisani, msikitini na misibani, na ninachotaka kieleweke ni namna ukusanyaji wa ushuru wa mazao ulivyoendeshwa. Namna hiyo haikuwa ya halmashauri ile peke yake.

Kabla ya kuingia barabara ya lami kulikuwa na kizuizi: mti wa mgunga umelazwa juu ya mapipa mawili, kibanda cha mabati, mgambo mmoja mwenye kirungu, na kijana mwenye kitabu cha risiti. Kijana aliyahesabu magunia kwa kuyapiga kofi moja moja, akasema elfu mbili kila gunia, jumla elfu kumi na nne. Shangazi akamwambia mzigo ni wake, umetoka shambani kwake, anakwenda kukamua mafuta ya nyumbani na kuuza yatakayobaki. Kijana akamjibu, "Mama, mimi naangalia gunia, siangalii mwenye gunia."

Akalipa. Pesa yenyewe ilikuwa ya mashine, ameifunga kwenye ncha ya kanga. Jioni alipofika kwangu, nikamwamkia, akapumzika, akaoga, na alipokaa kula hakuanza na habari ya elfu kumi na nne. Alianza na habari ya karatasi nyeusi.

"Baba, yule kijana kaandika mara mbili," alisema. "Yangu kaiandika bila karatasi nyeusi chini yake. Aliponikatia ndipo akaandika ile inayobaki kitabuni, peke yake."

Shangazi aliishia darasa la nne. Lakini ameuza karanga kwa vibaba maisha yake yote, na muuza vibaba huangalia mikono ya watu. Akaitoa risiti kwenye kanga, akaikunjua juu ya meza. Haikuwa na nembo ya halmashauri. Juu palikuwa na mhuri wa wakala wa kukusanya ushuru, chini saini isiyosomeka, katikati kumeandikwa magunia 7. Nakala iliyobaki kitabuni iliandikwa ngapi, hakuna aliyeiona, na sitasema nisichokiona. Ila mtu mwenye jambo moja la kuandika hachomoi kaboni.

Usiku ule niliamini kijana anamwibia bosi wake, basi. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba huenda bosi mwenyewe ndiye aliyekitaka kitabu kiwe chembamba, na kwamba mkataba aliopewa na halmashauri ulimpa kila sababu ya kutaka hivyo.

Kutafuta wa kumuuliza

Nilianza na sheria, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa naikumbuka. Mwaka 2017 Bunge, hapa hapa Dodoma, lilipitisha nafuu mbili kwenye ushuru wa mazao. Kiwango kilichokuwa asilimia 5 kikashushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Na mtu anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru huo kabisa. Hii ya pili ilitajwa sana redioni, wakulima wakaisikia, wakafurahi.

Alizeti si nzito kama mahindi. Gunia la mahindi husemwa ni kilo mia. La alizeti halifiki huko. Magunia saba ya shangazi, hata yangejazwa lumbesa, yasingefikia tani moja kwa namna yoyote. Kwa maana hiyo hakudaiwa hata senti. Na hata kama angedaiwa, sheria ilizungumzia asilimia ya bei, wakati pale kizuizini walitoza kwa kichwa cha gunia: elfu mbili bei ikiwa juu, elfu mbili bei ikiwa imeanguka. Gunia likiuzwa elfu arobaini, asilimia 3 ni shilingi 1,200. Sasa hesabu ni mara ngapi kwa msimu mzima, kwa kila mkulima aliyepita pale bila mpwa wa kumsomea sheria.

Siku ya kumrudisha nilikwenda naye. Kizuizini tukakuta kijana mwingine, mpole, mwenye mashine ya kielektroniki ya risiti imening'inia msumarini. Nikamuuliza mbona haitumiki. Betri imekufa, akasema. Nikamweleza habari ya tani moja. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Kaka, mimi natumwa tu. Kaongee na bosi."

Bosi tulimkuta dukani kwake, duka la vifaa vya ujenzi. Nilikwenda nimejiandaa kumchukia. Akampa shangazi shikamoo, akatoa viti, akaagiza soda. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Mimi chanzo hiki nimekinunua."

Chanzo, yaani chanzo cha mapato: ushuru wa kizuizi kile. Hakusema ameajiriwa kukusanya, wala ameaminiwa kazi. Amenunua. Akafungua droo, akatuonyesha stakabadhi za benki. Kila mwezi anaipa halmashauri kiasi kilekile, mvua zikinyesha au zisiponyesha, malori yapite au yasipite. Vijana wale anawalipa yeye, na mgambo posho yake ni yeye. Nilipotaja msamaha wa 2017 hakubisha kwamba upo. "Wabunge wamewasamehe wakulima," alisema, "lakini mimi hakuna aliyenipunguzia. Bei niliyopewa ilipigwa kwa hesabu za zamani, za magunia yote. Nikiyaachia madogo, hiyo pesa naitoa wapi?"

Nililitafakari jibu lile njia nzima. Mtu yule alikuwa na hoja. Serikali ilitoa nafuu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ikamwacha na mkataba uliohitaji nafuu hiyo isitekelezwe.

Ofisi ya mweka hazina haikutuchukua dakika kumi. Afisa kijana, shati limenyooshwa vizuri, akasema chanzo kipo kwa wakala na malalamiko yaanzie kwake. Nikaomba kuona mkataba. Akasema mkataba ni wa pande mbili, halmashauri na wakala, hautolewi kwa watu. Shangazi, ambaye alikuwa kimya tangu tuingie, akamuuliza, "Na mimi ni upande wa ngapi, mwanangu?" Yule kijana akainama kwenye makaratasi yake. Sidhani kama alikuwa na dharau. Nadhani hakuna aliyewahi kumpa jibu la swali lile.

Aliyetusaidia ni diwani, mwalimu mstaafu, mtu wa kuzungumza polepole. Alikuwa na nakala, maana mikataba ya namna hiyo ilipita kwao. Akaniruhusu kuisoma nikiwa nimekaa kwake, chini ya mbuyu, kuku wakitembea miguuni. Kurasa nne. Kiasi cha kulipwa kila mwezi, tarehe ya kulipa, dhamana, adhabu ya kuchelewesha. Kifungu kimoja kilisema halmashauri itampa wakala ushirikiano wa mgambo "itakapohitajika". Nilisoma mara ya pili nikitafuta mambo matatu: nani hatozwi, mtu aliyeonewa anakata rufaa wapi, na wakala ataleta lini hesabu ya magunia yaliyopita. Hakuna lililokuwemo.

"Tulifurahi," diwani alisema. "Kwenye baraza tulipiga makofi. Kiasi alichoahidi kilizidi tulichokusanya wenyewe mwaka uliotangulia. Nani angepinga?"

Kilichouzwa ni nini

Hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki. Halmashauri iliamini imeajiri mtu wa kuisaidia kazi ya kukusanya. Kwa mkataba ule, haikuwa hivyo.

Tuchukue tarakimu za mfano tu, ili hesabu ionekane. Wakala ameahidi milioni tatu kwa mwezi. Akikusanya milioni mbili na nusu, laki tano anaitoa mfukoni. Akikusanya milioni tatu kamili, amefanya kazi ya bure. Faida yake yote, na mishahara ya vijana wake, inatoka kwenye gunia linalofuata baada ya milioni tatu, na lile lililo baada ya hilo. Mtu aliyefungwa na hesabu hii atayatafuta magunia ya mwisho kwa bidii kuliko mtumishi yeyote wa umma. Lakini magunia ya mwisho ni ya nani? Mfanyabiashara wa Fuso zima hapiti kwa siri, anajulikana, na mara nyingi ameshaelewana na wakala, kwa kuwa ana uwezo wa kuzunguka njia nyingine au kumpigia mtu simu. Magunia ya mwisho ni ya mama mwenye saba, ya kijana mwenye mawili juu ya pikipiki, ya bibi mwenye nusu gunia la njugu mawe juu ya basi. Ni watu walewale ambao Bunge lilitaka wapite.

Kwa hiyo vijana wa kizuizini hawakukosa elimu ya sheria. Waliijua. Sheria ilisema mama asilipe, mkataba ulihitaji alipe, na pale barabarani aliyekuwepo ni mwenye mkataba.

Na ile kaboni? Ilinisumbua kwa sababu kwa juu juu haina maana. Ukiwa unalipa kiasi maalumu, kinachozidi ni chako kihalali. Kwa nini uandike pungufu? Diwani ndiye aliyenifungua macho. Kila mwaka halmashauri inatangaza zabuni upya, na bei ya kuanzia inapangwa kwa kukisia chanzo kinaingiza nini. Inakisia kutoka wapi? Kutoka kwenye vitabu vya wakala. Kitabu kikionyesha magunia mengi, mwakani bei inapanda na washindani wanakuja. Kitabu kikionyesha machache, wakala anazuga uso wa kilio mbele ya kamati ya fedha, anaomba hata kupunguziwa. Risiti ya mama inaandikwa ukweli ili asigombe. Ile ya kitabuni inaandikwa kwa ajili ya mwakani. Sina ushahidi kwamba bosi yule aliagiza hivyo. Ninachosema ni kwamba aliyeandika mkataba ule alimfanya mtu mmoja awe ndiye anayefaidika na uongo na ndiye mtunza kumbukumbu.

Hili ndilo linaloniuma kuliko elfu kumi na nne. Kukusanya ushuru ni kazi inayoleta pesa, na pia ni kazi inayoleta habari. Anayesimama kizuizini anajua alizeti imetoka kiasi gani mwaka huu, kijiji gani kimevuna, ufuta umeanza kupandwa wapi, wanunuzi wa kutoka Singida wamekuja wangapi. Halmashauri yenye habari hizo inaweza kupanga ghala, kutengeneza barabara inayostahili, kumpeleka bwana shamba panapohitajika. Ilipouza chanzo iliiuza na habari. Ikabaki na tarakimu moja kwa mwezi, ileile kila mwezi, isiyosema chochote kuhusu ardhi yake wala watu wake. Mwaka unaofuata inaingia kwenye zabuni ikiwa kipofu zaidi, na aliye ng'ambo ya meza anaona vizuri. Anayejua thamani ya kitu akinunua kwa asiyejua, atanunua rahisi daima.

Kwa nini waliuza

Sitaki kuwaonea madiwani. Mtu akisoma mpaka hapa atadhani walikuwa wajinga au walikula. Wengine pengine walikula, siwezi kuwasemea. Lakini sababu za kuuza zilikuwepo, na zilikuwa nzito.

Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee bado wanaiita kodi ya kichwa, ilifutwa nchi nzima. Ilikuwa kodi ya kikatili: watu walikuwa wakikimbilia porini wakisikia mgambo wanakuja, na hakuna atakayeililia. Mwaka uliofuata ada za leseni kwa biashara ndogo nazo zikaondolewa. Halmashauri za vijijini zilibaki na ushuru wa mazao, ushuru wa minada, vibanda na vitu vidogo vidogo. Miji ilikuwa na kodi ya majengo, lakini mwaka 2016 ukusanyaji wake ukapelekwa Mamlaka ya Mapato, na 2017 ada za mabango zikafuata. Huku nyuma mahitaji hayakupungua. Sheria ikaja kutaka asilimia 10 ya mapato ya ndani itengwe kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nne, nne na mbili. Ni jambo jema, nimeona vikundi vya kina mama vilivyosimama kwa mikopo hiyo. Lakini asilimia 10 ya nini, kama hukusanyi?

Halafu angalia nchi yenyewe. Wilaya zetu za kati ni pana, vijiji vimetawanyika, njia za panya ni nyingi kuliko barabara. Watendaji walikuwa wachache, gari la idara ya fedha lipo moja, nalo liko gereji. Na watendaji wenyewe hawakuwa malaika. Walipokusanya wao, pesa ilipotelea njiani pia. Akija mtu akasema nitawapa kiasi hiki kila mwezi, hata kama ni nusu ya kinachostahili, mkurugenzi anayetakiwa kufikia makisio ya bajeti ataona ameokolewa. Uhakika wa pesa ulikuwa na thamani, na wakauza kila kitu ili waupate. Tena hata uhakika wenyewe haukuwa wa kuaminika sana: ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia mara nyingi kutaja mawakala waliokusanya kwenye halmashauri na kutopeleka walichodaiwa.

Kuhusu mashirika makubwa yaliyokabidhiwa kampuni nitapita haraka, maana yameandikwa sana. Tanesco, shirika la umeme, ilikabidhiwa kampuni ya Afrika Kusini kuiendesha mwaka 2002. Maji ya Dar es Salaam yakapewa City Water mwaka 2003 kwa mkataba wa miaka 10, ukavunjwa 2005. Reli ya kati, hii inayopita Dodoma, Manyoni na Itigi, ikakodishwa 2007 kwa kampuni ya RITES ya India, asilimia 51 kwao na 49 kwa serikali, kwa miaka 25. Hata mitano haikufika, serikali ikairudisha. Hayo yalifika Bungeni na magazetini. Mkataba wa kurasa nne wa kizuizi cha mti wa mgunga hauna mwandishi wa habari. Lakini aliyeguswa na reli alikuwa na uhuru wa kupanda basi. Shangazi hakuwa na njia nyingine ya kufika mjini.

Na jambo lenyewe ni la zamani kuliko serikali tulizo nazo. Karne ya kumi na tisa, Sultani wa Zanzibar hakukusanya forodha mwenyewe. Aliikodisha kwa wafanyabiashara matajiri wa Kihindi: miaka mingi ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, baadaye akaichukua Taria Topan. Wanamlipa Sultani kiasi walichokubaliana, kinachozidi ni chao. Nyumba ile ikawa ndiyo inayojua nini kinaingia na kutoka pwani nzima, na Sultani akawa mkopaji wao.

Wakati huohuo huku kwetu Ugogo misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa ikilipa hongo. Wazungu waliopita walilalamika sana kwenye vitabu vyao, kitambaa kiasi gani, shanga kiasi gani, waya kiasi gani. Neno hilo leo maana yake imeharibika, hongo ni rushwa. Lakini hongo ya wakati ule ilikuwa ada ya wazi. Ililipwa kwa mtemi, mwenye jina, mwenye boma linalojulikana, na msafara ulipata maji baada ya kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali. Kama ulizidishiwa, uliketi hapo siku mbili tatu ukabishana na mtemi mwenyewe au wajumbe wake. Simwoshi mtemi, alitoza sana. Nasema tu kwamba aliyetoza alikuwa ndiye mwenye nchi, na ulijua pa kumkuta.

Sisi wa Dodoma mjini hatupaswi kushangazwa na ugumu wa kumjua mwenye nchi. Tangu 1973 tuliishi na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoshika ardhi ya mji, ikitoa hati za miaka 33 wakati kwingine watu wana 99. Tulichagua madiwani, madiwani wakaunda baraza, lakini ukimpelekea diwani shauri la kiwanja alikuwa akikuelekeza CDA, na CDA hukuwa na kura nayo. Ilivunjwa Mei 2017, majukumu yakahamia manispaa, na miaka 33 ikaagizwa iwe 99. Ile ilikuwa mamlaka ya umma kabisa, haikuwa kampuni ya mtu. Hata hivyo mwenye shida alisimama palepale aliposimama shangazi: anayemchagua hana uamuzi, na mwenye uamuzi hamchagui.

Baada ya pale

Nilimchapishia shangazi maelezo ya msamaha wa tani moja, nikayawekea karatasi ya plastiki yasilowe. Safari iliyofuata aliyaonyesha kizuizini, akapita bila kulipa. Akanipigia simu kwa furaha. Wiki mbili baadaye akanipigia tena, sauti imeshuka. Siku hiyo alipanda Kenta moja na wanawake watatu wa kijijini. Yeye alipita. Wale watatu walilipa, kwa kuwa karatasi ilikuwa moja na kijana alisema ni ya mwenye jina lake. Karatasi haikuwa na jina la mtu yeyote. "Nimeona aibu," akaniambia. "Nimekaa nao kwenye gari kama mtoto wa bosi."

Mkataba ule haukuongezwa muda. Diwani alibishana kwenye kamati ya fedha msimu mzima, na mwaka wa fedha ulioanza Julai 2019 halmashauri ilichukua chanzo chake, ikawapa watendaji mashine za risiti zinazotuma taarifa moja kwa moja. Haikuwa pepo. Siku za mnada mtendaji wa kijiji anashinda kizuizini na ofisi yake imefungwa. Ukitaka barua ya utambulisho unamfuata barabarani. Mtandao ukikatika foleni inakuwa ndefu. Mmoja wa vijana wa wakala alichukuliwa kama msaidizi, yule mpole, na nasikia anafanya kazi vizuri.

Msimu wa kwanza ulipokwisha kulikuwa na mkutano mkuu wa kijiji. Nilikuwepo kwa kuwa nilikwenda kwenye maziko siku mbili kabla. Watu wamekaa chini ya mbuyu uleule, wanawake upande huu, wanaume upande ule, mtendaji ana daftari na kalamu mbili mfukoni. Lilipofika mengineyo, shangazi alisimama, akajifunga kanga vizuri, akauliza msimu huu pale kizuizini magunia mangapi ya alizeti yamepita.

Mtendaji akafunua daftari. Akasoma: malori yaliyolipa, magunia yake, kisha wenye mizigo midogo walioandikwa tu bila kutozwa. Akasoma na pesa. Wazee wakaguna, kwa kuwa hakuna aliyedhani kijiji kinatoa alizeti kiasi kile. Mzee mmoja akauliza, na ile misimu miwili ya wakala? Mtendaji akarudisha kurasa nyuma, akaliinua daftari ili watu waone. Kurasa zilikuwa nyeupe. Akasema vitabu vya miaka ile viliondoka na mwenyewe.

Kukawa kimya kidogo. Kisha mama mmoja akasema kama pesa ndiyo hiyo iliyosomwa, mbona choo cha mnadani hakina mlango, na watu wanne wakainua mikono kwa pamoja, na mtendaji akageuza ukurasa mpya, akaanza kuandika majina ya wanaotaka kusema.